Mtu wa Nyuma

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikiamini barua hii imekukuta salama hapo jikoni kwenye bweni, kati ya masufuria yako na wanafunzi wasioshiba. Vipi mgongo? Na mwanao wa mwisho, kikohozi kimemwachia? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Ni hayo mengine yaliyonifanya nikae chini niandike.

Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Dada, tunajuana. Wewe ukisikia neno la kukushtua unakata simu na kumwendea mtu mbio, ufagio mkononi. Haya yangu yanataka kusikilizwa hadi mwisho. Ndiyo maana nimempa dereva wa mikate akuletee kazini, siyo nyumbani, na nimemwomba akukabidhi mwenyewe. Usiisome mbele ya watu, na tafadhali vuta kiti ukae.

Ni juu ya safari ya mlima ya Jumamosi hii. Shemeji ameshakueleza, tena najua amekueleza kwa mbwembwe. Meneja wetu mpya anapenda sana milima. Tangu aje anatuambia kwamba watu wakipanda pamoja watafanya kazi pamoja. Sisi tunaoshinda mbele ya tanuri tulidhani jasho letu linatosha. Akauliza nani amewahi kufika kileleni, wenzangu wakanisukuma mbele, na kazi ya kupanga ikaniangukia.

Haikuwa kazi ndogo. Tuna vijana wa kukanda unga ambao wangepanda huku wanakimbizana. Tuna mpambaji wa keki, mama mnene mwenye roho nzuri, ambaye ngazi za ofisini tu anazipumzikia njiani. Tuna dereva huyuhuyu aliyekuletea barua, na huyo hata chooni angekwenda kwa gari. Kundi la namna hiyo ukiliachia, wepesi wanatangulia, wazito wanabaki nyuma wakiona aibu, wanaharakisha kuliko pumzi zao, na hapo ndipo mtu anapoumia. Mara ya mwisho nilipopanda mlima ule tulipishana na watu wakishusha machela, na aliyelala juu yake alikuwa amefunikwa uso. Sikuwahi kukusimulia.

Kwa hiyo niliweka utaratibu. Mzito kuliko wote anatangulia, na sote tunafuata mwendo wake, hakuna kumpita. Nyuma kabisa anakaa mwenye nguvu kuliko wote, amebeba kamba, maji ya akiba na sanduku la dawa, na filimbi shingoni. Mimi nikipuliza huku mbele, yeye anajibu kule nyuma, tunajua kundi limetimia. Mpambaji wa keki nilimpa uongozi, akafurahi mpaka akadai kofia ya cheo. Kumchagua mtu wa nyuma hakukuwa na mjadala. Wote walimtaja mumeo, wanayemwita Winchi kama ile mashine ya kuinua mizigo, anayebeba magunia mawili ya unga kwa mpigo wakati wenzake wanahema kwa moja. Nami nikaona sawa.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa nyuma anaona migongo ya wote, lakini uso wake hauonwi na mtu.

Jumapili iliyopita tulifanya jaribio kwenye kile kilima chenye matangi ya maji. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito, wingu limelalia njia, ukigeuka huwaoni wenzako. Mwanzoni kila nilipopuliza shemeji alijibu kwa mlio mrefu wa kujigamba. Baadaye majibu yakaanza kuchelewa. Likaja moja jembamba. Nikapuliza tena, kimya. Vijana wakacheka, wakasema Winchi kasinzia. Nilicheka nao, lakini moyoni nilishaingiwa na hofu. Nikawaambia wakae pale pale, nikashuka peke yangu.

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, mzigo bado uko mgongoni, filimbi iko mdomoni. Alikuwa anaipuliza, Dada. Niliyaona mashavu yakijaa. Ila pumzi ya kutoa mlio haikuwepo. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na nilipomshika mkono jasho lake lilikuwa la baridi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu.

Alipoweza kusema hakuomba maji wala msaada. Alisema, "Usimwambie dada yako."

Nilikaa naye mpaka rangi ikamrudia, na akanieleza. Daktari alishampima kabla hata meneja huyu hajaja. Aliambiwa moyo umechoka na asibebe tena kitu kizito. Vidonge anavificha ghalani, nyuma ya magunia. Kule kulala kwake kwenye kiti cha sebuleni, anakosingizia joto, si joto, ni kwamba akilala chali anakosa hewa. Na vile viatu vikubwa alivyonunua, ukamcheka, si kwa ajili ya soksi nzito. Miguu yake inavimba. Nadhani uliyaona yote hayo ukayapokea maelezo yake kwa sababu yeye ni Winchi. Usijilaumu, hata sisi tunaoshinda naye tuliyapokea.

Nilimwambia mlimani haendi. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha zaidi, kwamba lazima aende. Msimamizi wa ghala anastaafu, na kiwandani wanasema meneja atamtangaza mrithi wake kileleni, yule atakayeonyesha uongozi njiani. Kazi ile ni ya kukaa. Una kiti, una meza, unaandika magunia yanayobebwa na wengine. Shemeji ameshapanga kila kitu kichwani mwake: apande mara hii moja tu, apewe kiti, moyo upumzike, na asijue mtu, hata wewe. "Napanda ili nikakae," alisema, akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza.

Sasa nifike kwenye lile lililonikaa kooni. Jumanne meneja aliniita ofisini akafunga mlango. Akasema mpango wangu wa safari umempendeza, na kwamba kiti cha ghala ni changu. Atanitangaza kule juu, tupige picha, na mpaka hapo nifunge mdomo. Dada, nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo na nikashukuru kwa mikono miwili, na sura ya shemeji juu ya lile jiwe ilinijia nikiwa nimeshatoka mlangoni. Nilirudi, nikamwomba nafasi ile ampe Winchi. Alicheka, akasema Winchi ni mtu wa kubeba, kumkalisha ni hasara. Nikamwomba basi tuahirishe, maana tunasikia mvua imeanza kule juu na njia inateleza. Akasema tarehe ni ileile.

Jioni nikamfuata shemeji nikamwambia ukweli wote. Hakukasirika. Alinipiga begani akasema, "Umeshindwa kunitisha kwa moyo, sasa unanitisha kwa kiti."

Haamini. Anadhani nimetunga ili abaki nyumbani. Yeye ndiye aliyeniingiza kiwandani na kunifundisha kusimama mbele ya tanuri bila kuungua, na leo neno langu kwake ni mzaha.

Imebaki njia moja, nimweleze meneja habari za moyo wake. Nikifanya hivyo, basi la safari halitamchukua. Lakini Jumatatu hatakuwa na kazi, maana kwetu mbebaji asiyebeba hawamweki, na kiwanda hakina huruma na mtu. Hilo linagusa sahani za watoto wako, na ndiyo maana sikutaka kuliamua bila wewe. Jaribu wewe kwanza. Lia, nuna, lala mlangoni ukibidi. Mwambie kiti ni changu na nimekikubali, anichukie, nitavumilia. Akikushinda, kesho mpe dereva neno moja tu, niseme au ninyamaze. Ukisema ninyamaze, sijui nitafanya nini.

Nisipopata neno lolote, nitasema. Nitamsimamisha kwenye mlango wa basi, mbele ya wale vijana wanaomwita Winchi, na nitayatoa yote hadharani. Najua hatanisamehe. Huenda na wewe usinifungulie mlango tena. Nimelifikiria hilo tangu Jumanne, na bado naona afadhali niwe mjomba anayechukiwa na watoto wenye baba.

Wabusu wanangu, wala usiwaambie kitu. Mpambaji wa keki anakusalimu, hajui lolote, anauliza tu kama mumeo anapenda keki ya limau, eti amwokee ya kulia kileleni. Baba yao mfikishie salamu zangu, kama utaona anaweza kuzipokea.

Ni mimi mdogo wako,
msimamizi mpya wa ghala.