Washa Umeme, Wageni Wanalalamika

Shoga, dada yangu fundi umeme amefukuzwa kazi sasa hivi! Nina hasira!

Alikuta waya wa gati la boti pale hotelini kwao umechubuka na umezama majini, na hakuna swichi ya kukata umeme ukivuja. Akapima maji, kipimo kikaonyesha umeme umo! Akazima kila kitu, akawatoa waogeleaji mbio.

Meneja akaja anafoka: "Wewe mwanamke, washa! Wageni wanalalamika."

WANALALAMIKA, shoga!

Dada akamjibu, "Nawasha. Ila tangulia wewe majini."

Lile jitu likavua kiatu kimoja, likatazama maji, likakivaa tena. Halafu eti, "Umefukuzwa."

Ufunguo wa boksi la swichi anao dada. Amekataa kuutoa.