Usinikatie Mwisho

Babu, shikamoo.

Santuri zako zimeharibika, na aliyeziharibu ni mimi. Sijamwambia mtu, hata Mama. Bibi anaamini ziko salama chini ya kitanda changu, ndani ya lile sanduku lako la mbao. Kila akipita mlangoni kwangu anasema, "Afadhali hizo zimebaki." Mimi nanyamaza. Unajua ninavyoweza kunyamaza.

Ilikuwa siku ya mazishi. Asubuhi walitoa vitu vyote sebuleni ili waombolezaji wapate pa kukaa. Makochi yalienda kwa jirani, spika zako na mashine zikaingizwa stoo. Stoo ilipojaa, Mama akanipa sanduku la santuri akaniambia nilitunze mimi. Nililiweka nyuma ya nyumba, upande wa jiko, penye kivuli, nikalifunika kwa kanga. Niliangalia mara mbili kama kivuli kinatosha. Kilitosha, Babu. Lakini ilikuwa saa mbili asubuhi.

Halafu akaja mtani wako Mzee Jumanne kutoka Kolo. Alivaa vile visikilizio vyako vikubwa, akakaa kwenye kiti chako mbele ya watu, akakunja uso kama wewe. Akasema, "Marehemu alikuwa mchoyo. Miaka yote nimemwomba wimbo, hajanipigia hata mmoja. Leo ndiyo kaniachia kiti, na mashine kazificha." Watani wana ruhusa, basi watu wakacheka huku wanalia. Mimi pia nilicheka, mpaka nikakaa chini. Ndiyo mara yangu ya kwanza kucheka tangu ulipolazwa. Wakati nacheka, kivuli kilikuwa kinahama.

Niligundua siku ya tatu, tuliporudisha vitu ndani. Nilitoa ya juu, nikatoa ya pili. Zote zina mawimbi kama bati la paa. Niliweka moja kwenye mashine, sindano ikaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Nikaizima, nikafunika sanduku kwa kanga ileile.

Ningesema siku hiyohiyo, pengine yangeisha. Ila jioni yake Mama Hepi, mwenye ukumbi ulimokuwa unapiga muziki, alikuja kumpa Bibi pole tena, akatoa wazo lake. Kwamba siku ya arobaini, baada ya ibada nyumbani, tuende ukumbini mchana, tupige santuri zako tu. "Flashi siku hiyo hapana," alisema, "tutamuudhi." Na Bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbini hata mara moja, ambaye alikuwa akipaita kwa shetani mdogo, akafikiri kidogo, akasema atakuja. Alitaka kusikia ulichokuwa unaiacha nyumba kukifuata.

Wote wakanigeukia mimi. Nani mwingine anajua kuweka sindano?

Babu, ungeniuliza kwa nini sikusema hapo. Nilimtazama Bibi usoni, basi.

Nilijua vilevile ungesema nini kuhusu nilichokipanga. Chuki zako za ukumbini nazijua zote, nilizisikia nikiwa chini ya meza yako. Nilikuwa na miaka sita, Pasaka, disko toto. Watoto wote wanacheza, mimi nimejificha miguuni kwako kati ya nyaya, nawasikiliza wakubwa wanakuja kukusumbua. Ulimchukia anayeweka soda au bia juu ya meza ya mashine. Ulimchukia anayeleta karatasi ya kuomba wimbo wakati wimbo huohuo ndio unaopigwa. Taa za kumetameta ulisema ni za gari la zimamoto. Kaseti uliiheshimu kwa sababu ikichomoka utepe unairudisha kwa kalamu. CD uliivumilia kama mgeni aliyesema analala siku mbili akamaliza mwezi. Lakini flashi!

Unakumbuka siku Kevi alipokuja na ya kwake kaining'iniza shingoni? Yule kijana anayepiga muziki Ijumaa. Ukamuuliza, "Hiyo ni filimbi, unakwenda kuchezesha mpira?" Akakujibu kwa adabu tu kwamba humo ndani mna nyimbo elfu mbili. Ukasema, "Elfu mbili, na hata moja hujawahi kuimaliza." Maana hilo ndilo ulilochukia kuliko yote, DJ anayekata wimbo kabla gitaa halijamaliza maneno yake.

Sasa sikiliza kosa langu la zamani. Likizo ya Juni, ile alasiri ulipopiga santuri zako sebuleni moja baada ya nyingine, nilichomeka waya kwenye mikisa yako ya kuchanganyia sauti, upande mwingine kwenye simu ya Mama. Ukaniuliza nafanya nini. Nikasema nachaji simu. Ilikuwa inarekodi. Nilitaka nikimaliza mitihani niwe na nyimbo zako za kusikiliza, na niliona haya kukuomba, kwa jinsi ulivyokuwa unawasema wenzangu na simu zao. Ile rekodi ni ndefu, moja tu, alasiri nzima. Nilikuwa sijaisikiliza. Ulipofariki ndiyo kabisa sikuweza.

Nadhani umeshajua nilichofanya.

Niliihamishia kwenye flashi. Nikafanya mazoezi na mlango nimefunga, sauti chini kabisa. Kwa kuwa rekodi ni moja, ilinibidi nibadilishe santuri pale ulipobadilisha wewe, kwa mwendo wako. Unasikika ukiinua sindano, ukiipuliza vumbi, ukiishusha kwenye nyingine. Nikawa naifuata mikono yako. Nyimbo sita, kwa utaratibu uleule. Mama Hepi alisema sita zinatosha, kisha watu wale.

Siku ya arobaini nilivaa lile gauni la mahafali. Ukumbi mchana ni mahali pengine kabisa, Babu, kuta zinaonekana zilivyochubuka. Bibi aliketi mbele, mkoba mapajani, kama yuko kanisani. Nilichomeka flashi nyuma ya mikisa nikaifunika kwa kitambaa chako cha kufutia vumbi. Nikaweka santuri iliyopinda kwenye mashine, ikaanza kuzunguka, inapanda na kushuka. Nikashusha mkono wa sindano, nikauacha hewani, haugusi. Kwa mbali huwezi kujua. Kwa karibu ungejua mara moja.

Wimbo wa kwanza ulipoanza Bibi alifumba macho.

Mzee Jumanne akainuka, chupa ya soda mkononi, anakuja moja kwa moja mezani. "Nipishe niione ikizunguka," akasema. "Hii sauti hata flashi milioni haziwezi." Alibakiza hatua tatu. Na mimi, ambaye darasani nilijibu maswali kwa kunong'ona mpaka mwalimu akachoka, nikasema kwa sauti ya ukumbi mzima: "Soda haikaribii meza ya mashine!"

Wakacheka wote. Mzee Jumanne akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Amefufuka huyu." Akarudi kukaa.

Nikafika mwisho wa wimbo wa sita. Nikapeleka kidole kuzima. Lakini watu walikuwa wamesimama, wanacheza wale wazee, na Mama Hepi ananipungia mkono niendelee, niendelee. Bibi naye hajafumbua macho. Sikuweza kuzima. Nikachukua santuri nyingine yoyote, nikaiweka, sijui hata kinachokuja ni nini. Kuanzia hapo nilikuwa kwenye sehemu ya rekodi ambayo sijawahi kuisikia. Wa saba ukapigwa. Gitaa likasema maneno yake yote hadi mwisho. Kisha mkwaruzo wa sindano, tss, tss, kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikakumbuka kwamba siku ile hapo ndipo nilipokwenda jikoni kukuletea chai.

Ukawasha maiki, ukakohoa. Spika zote nne zikasema:

"Mchumba. Hiyo simu haichaji, nilishajua. Haya, chukua zote. Ila usinikatie mwisho."

Babu, wazee waliacha kucheza. Kevi, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia. Mimi nilishikilia meza. Nilingoja mtu aseme, huyu mtoto anatudanganya, hizo santuri haziimbi. Hakuna aliyesema. Walidhani nimepanga, kwamba nimepiga santuri saba za kweli kisha nikawawekea sauti yako kama zawadi ya kufunga. Mzee Jumanne alilia waziwazi bila kujifuta. Bibi alikuja hadi mezani, na yeye sikuweza kumfukuza. Kwa mkono mmoja nikawahi kuifunika santuri kwa kitambaa chako. Hakuitazama. Alinishika kichwa akasema, "Kumbe alikuwa anaongea vizuri hivi huku." Basi. Akarudi kuchukua mkoba wake.

Sasa ninalala juu ya sanduku hilo kila siku. Mama Hepi ameniomba nije nipige tena Jumapili moja moja, na nimemwambia nitafikiri. Mvua zimeanza, mahindi ya Bibi yametoka udongoni, matokeo yetu ya kidato cha nne bado. Watu wananiuliza kama naogopa matokeo. Sijui niwaambie nini, ninachoogopa ni Bibi kuinama chini ya kitanda changu.

Nimesikia kwamba santuri iliyopinda inaweza kunyooshwa katikati ya vioo viwili, kitu kizito juu, polepole, siku nyingi. Nimepata vioo vya dirisha la zamani. Juu nimeweka debe la mahindi. Ya kwanza nimeitoa juzi. Sindano iliruka mara mbili tu, halafu ikatulia, ukaanza ule wimbo aliokuwa anakuomba Mzee Jumanne, ukawa unaupiga akishakwenda msalani, ili usimpigie mbele yake. Nikausikiliza wote. Nakuahidi nitazinyoosha zote, moja moja, hata ikinichukua hadi niwe na nywele nyeupe. Zisizonyooka nitakuja kukutajia hapo makaburini, kila moja kwa jina lake. Na Mzee Jumanne nitampigia wake, akiwa amekaa, hadi mwisho.

Sasa ninakuachia, Babu. Pumzika, hapo hakuna taa za zimamoto.

Jambo moja tu. Bibi anakuja kwako kila Jumapili baada ya ibada, na anasema nyakati nyingine unamtokea ndotoni, mnazungumza. Mkizungumza, muulize kuku, muulize magoti yake. Akikwambia santuri zako ziko salama, usimkatize. Mwambie ndiyo. Niachie mimi, nikishamaliza ya mwisho nitamwambia mwenyewe. Mpaka hapo, hili libaki kwako na kwangu.

Mchumba wako,
Nyemo