Siku Niliyomkosoa Profesa Wangu Mbele ya Watu

Stockholm, Jumamosi, Machi 2009

Baridi kavu, hakuna upepo hata wa kupeperusha uzi. Kutoka dirishani kwangu hapa Vällingby naona moshi wa bomba la mtambo wa joto unapanda kidogo, unachoka, unajilaza ubavu. Leo sina haja ya kuupima.

Tangu jana mimi ni daktari. Si wa sindano. Mama ameshawaeleza watu wa kanisani, nao wanaendelea kunisimulia habari za magoti yao. Mimi ni daktari wa hewa.

Najivuna, na shajara ni yangu, kwa hiyo naandika bila aibu. Ila nusu ya fahari hii ni ya mtu mwingine.

Profesa ni Mholanzi, mtoto wa fundi wa pampu katika kijiji kilicho chini ya usawa wa bahari. Alisomea kuunda ndege, kisha akaziacha akafuata kinachozitikisa, yaani misukosuko ya hewa. Alipokuwa kijana alisimamisha mlingoti katikati ya shamba la ngano, akalala kibandani na vyombo vyake vya kupimia kiangazi baada ya kiangazi, mpaka akapata kanuni inayobeba jina lake. Niliisoma mwaka wa kwanza chuoni nikidhani mwenyewe alikufa zamani, kama wenye kanuni wote. Kumbe alikuwa amemfuata mke Stockholm, na baadaye akawa msimamizi wangu. Alinifundisha kupanda mlingoti, kushika waya kwa vidole vilivyoganda, na kutouamini mchoro unaopendeza mno. Waswidi humwita kwa jina lake la kwanza. Mimi nimeshindwa, malezi ya Bukavu, kwetu Kongo, hayaniruhusu.

Kanuni yake inasema hewa iliyo karibu na ardhi ikipoa kupita kiasi fulani, misukosuko yake hufa. Mimi nilipima majira ya baridi, kaskazini, juu ya ziwa lililoganda, nikaona haifi. Inalala, kisha inaamka bila kubisha hodi. Nilirudia vipimo, nikatafuta kosa langu, nikatamani sana liwe langu.

Halikuwa langu.

Wakati huo Profesa alikuwa amestaafu, nami nilikuwa nikisimamiwa na mwingine. Nilimpelekea Profesa tasnifu nzima. Hakujibu. Wiki zikapita. Kwetu wangesema asante ya punda ni mateke, na mimi ndiye punda. Niliogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa kufeli.

Jana ukumbini, mpinzani rasmi, mama mmoja wa Kifini aliyeletwa kunihoji, alinikamua mpaka akaridhika. Ndipo mwenyekiti akauliza, kama ilivyo desturi hapa, iwapo kuna mwingine mwenye neno. Profesa akasimama, safu ya nyuma kabisa. Mama alikuwa mbele na kitenge chake kipya. Haelewi Kiswidi cha chuo, lakini aliuona uso wangu, akamshika mdogo wangu mkono.

Profesa alisema kwamba alipima hewa ya kiangazi, ya shamba moja la ngano, akadhani ameipima hewa yote. Kisha akasema amekuwa akizirudia hesabu zangu kwa mkono, ndiyo maana alikawia, akitafuta nilipokosea. Hakupaona.

“Kanuni ni yangu, na kosa ni langu,” alisema. “Kuanzia leo, atakayeifundisha afundishe pia mpaka wake, ule aliouonyesha huyu hapa.”

Akaketi. Nililia mbele ya kamati nzima, na sijutii.

Jioni tulikula Rinkeby, kwa Mama. Profesa alipewa fufu na sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, akanawa, akala kwa mkono bila kuulizia uma.

“Njo huyu muzee ulisema alikosea?” Mama alininong'oneza.

“Ndiyo, Mama.”

“Na anaongeza tena sombe?”

“Ja, mamma,” alijibu mdogo wangu, kwa Kiswidi kama kawaida yake.

Mama akaenda kumpakulia mwenyewe, kijiko kizito, kile cha wageni wa heshima.

Sasa nami nina mstari wangu wa hesabu uliochapishwa, na naupenda kupita kiasi. Siku moja atatokea mwanafunzi aliyepima mahali ambapo mimi sikufika. Nitasimama mbele ya watu niseme kosa ni langu, au nitainama nijifanye natafuta miwani?