Simu Juu ya Vizimba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Presha imeteremka? Wanao hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili, ila hasira zimenijaa hadi shingoni. Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu mnayeongea naye kila asubuhi. Kwenye simu ungenikatiza, lakini wakati huu nataka unisikilize.

Kazi yangu unaijua: nalisha panya wa maabara na kusafisha vizimba vyao, ndiyo maana hapa wananiita Mama Panya. Safari hii walikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikaa na simu iliyowashwa, la pili likawekwa chumba cha mbali bila simu yoyote. Baada ya miezi mitatu wakapimwa kumbukumbu kwa kutafutishwa chakula kwenye vichochoro vya mbao. Wote wakawa sawa. Mkuu wa maabara akafurahi kama bwana harusi, akaandaa taarifa kwamba mionzi ya simu haigusi ubongo.

Nilimfuata ofisini, ndoo mkononi, nikamwambia asiitoe, maana kundi la pili nalo lilikaa na simu. Akauliza ya nani, nikamtajia. Akafunga mlango, akaniambia kwa sauti tamu kwamba funika kombe mwanaharamu apite, na kwamba mfagiaji hana la kusema kuhusu ubongo. Ama ninyamaze, ama Ijumaa nirudishe koti la kazi.

Dada, nilicheka. Nikamjibu kuwa ni kweli, mimi sijui kama simu inadhuru ubongo au haidhuru. Lakini sasa hata yeye hajui, ila mimi nakiri.

Sasa nikuambie nililokuficha. Simu hiyo ni yangu. Ulipofiwa na shemeji ukagoma kula, niliapa kuongea nawe kila asubuhi mpaka nisikie kijiko chako kikigonga sahani. Sheria yetu ni kuacha simu kwenye sanduku mlangoni. Mimi niliipitisha mfukoni, nikaiweka juu ya vizimba vya kundi la pili, sauti wazi, ili mikono ibaki huru kubadilisha maranda wanayolalia. Panya wale wanakujua. Ukikohoa, wanasimamisha masikio. Na kila siku nilitia alama daftarini kwamba hakuna simu chumbani.

Kuongea nawe sijutii hata dakika moja, na wewe usithubutu kujilaumu. Ninazojutia ni zile alama. Leo nimezikata zote kwa wino mwekundu, siku baada ya siku, nikaandika pembeni: simu ilikuwepo, ni yangu. Nakala nimewapelekea mwenyewe wanaoikagua taarifa. Ijumaa sikuingoja, koti nimelitundika kwenye kiti cha mkuu.

Wasalimie wanao, wabusu mmoja mmoja. Ukimaliza kusoma, pakua chakula unipigie. Safari hii sitanong'ona.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Panya, asiye na panya