Shafti Kando ya Mtungi

Kaloleni, Voi

Mpendwa Mghoi,

Salamu nyingi, mjukuu wangu. Sisi ni wazima, na babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza kama mkaguzi mpya kama wewe, huko kiwandani Ruiru, anaweza kukataa kazi ya mkubwa wake. Mimi nilikataa, nami nikiwa mkaguzi mpya.

Karakana yetu hapa Voi ilitengeneza shafti, vile vyuma vya mviringo vinavyozungusha pampu, za wakulima wa Njukini. Siku moja Mzee Mwakio, fundi mkuu, alizitoa kwenye mashine zikiwa bado moto, akazipima, akaniambia, "Sawa kabisa. Piga muhuri."

"Tungoje zipoe, mzee."

"Nilianza kazi hii kabla hujazaliwa!"

Muhuri wa ukaguzi nikautia mfukoni, shafti nikazipanga kivulini kando ya mtungi wa maji. Karakana nzima ilinicheka.

Zilipopoa, nikampa maikromita, kile kipimo cha unene, apime mwenyewe. Chuma kilikuwa kimenywea, na hakuna hata moja iliyofaa. Akawasha mashine upya.

Kesho yake nilimkuta ameketi juu ya ndoo, shafti mpya amezipanga mwenyewe kando ya mtungi.

"Bado zinapoa," akasema. "Muhuri ni wako."

Nyanya yako,
Wakesho