Niliposahihisha Wakati Uliopita

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la vioo.
9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mama kaniambia umeanza kupanda ngazi bila mkongojo. Anasema uache ujana. Sisi hatujambo, ila paa bado linavuja palepale na fundi anatupiga kalenda.

Ningali nafundisha watu wazima Kiingereza kwa simu. Wako kumi na tisa kwenye kundi. Wananitumia sentensi wakiwa makazini, nami nawarudishia, maneno waliyokosea nimeyakoleza wino.

Kuna jambo limenikaa rohoni, Mjomba. Mmoja wao ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa haya, tunamwita Cheche. Mwezi jana nilitoa zoezi: eleza mama yako ni mtu wa namna gani, kwa wakati uliopo. Cheche akaleta mistari sita, yote kwa wakati uliopita. Alipika. Aliimba. Alipenda kulala mchana. Mimi nilikuwa nakunja nguo huku nasahihisha. Nikavikoleza vitenzi vyote sita, nikamwandikia mbele ya kundi zima: "Soma swali kabla ya kujibu."

Akajibu kwa Kiswahili: "Mwalimu, tumemzika juzijuzi. Niandikeje?"

Nikaufuta ujumbe wangu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Siku nne hakuandika neno.

Siku ya tano nikamfuata karakana. Alivua miwani yake ya kazi, akanisogezea stuli.

"Nilisoma vitenzi, sikukusoma wewe," nikamwambia. "Nisamehe."

Akaniuliza, "Kwani vilikuwa sahihi?"

"Vyote sita."

Akacheka, akafuta jicho, akasingizia moshi.

Kwenye kundi nako niliomba radhi hadharani, maana nilimwaibisha hadharani. Siku hizi najibu kwanza alichosema mtu, ndipo niguse alivyokisema. Kazi imerefuka, ila hata wale mabubu wameanza kuandika.

Juzi Cheche kaleta ukurasa mzima kuhusu mama yake, makosa ya kumwaga. Chini kaongeza: "Usinionee huruma, Mwalimu. Sahihisha." Nikasahihisha mpaka nukta ya mwisho, machozi yakinilenga.

Msalimie sana mkaza mjomba na binamu zangu wote wawili. Mama anakukumbuka kila tukikaa mezani. Mola akulinde, akupe hatua nyepesi.

Wako akupendaye bila kupungua,
Mpwa wako, kitindamimba wa dada yako