Wilmar Ndiye Anayemimina

Jumanne, 5 Agosti
Baridi ya kukata masikio. Kikao cha kwanza cha tasnifu yangu ya uzamili, katika kituo cha watu wenye ulemavu, mtaa wa Cerro. Mada: watu wenye ulemavu wa akili wanaamuaje mambo yao wenyewe? Nikazungusha kibuyu kimoja cha yerba, chai yetu ya majani, nikikijaza maji moto kila kinaporudi, ili wachangamke — aliyekishika ndiye mwenye zamu ya kusema. Nilijiona mjanja!

Wote waliongea, isipokuwa Wilmar. Ana miaka hamsini na kitu, ana usonji, kazi yake kukunja mashuka hospitalini. Anapokea kibuyu, anakunywa, anarudisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Profesa Etcheverry, msimamizi wangu, kasikiliza rekodi. Kasema Wilmar hawezi kujibu maswali, nimtoe kwenye utafiti. Nikabisha. Akasema uzamili si kazi ya huruma. Nina hasira! Huyu mtu amesemewa na wengine maisha yake yote, na sasa hata sisi?

Jumanne, 12 Agosti
Nimemvuta Wilmar pembeni, nikamuuliza mbona hasemi. Akanitazama kwa masikitiko. Eti kwetu hawakunifundisha? Kibuyu ukipewa unakunywa, unarudisha, wenzako wanangoja. Soga na kibuyu mkononi ni utovu wa adabu.

Jamani, ni kweli kabisa. Mama angenizaba kofi. Wengine walivunja adabu ili kunifurahisha, Wilmar akakataa, nami nikaandika “hashiriki”.

Sasa nani huongea apendavyo bila kumchelewesha mtu? Anayemimina, maana wengine wanapokunywa yeye anangoja tu. Nikampa Wilmar chupa ya maji moto na kibuyu. Weee — hakunyamaza! Anataka chumba chake mwenyewe, chenye ufunguo wake. Dada yake hataki. Kisha akaanza kuwahoji wenzake, na maswali yake ni mazuri kuliko yangu. Nimerudi nyumbani naimba njia nzima.

Alhamisi, 14 Agosti
Profesa anasema huenda ni bahati tu. Jumanne atakuja mwenyewe, aone, ndipo aamue Wilmar abaki au aondoke. Nimempigia Wilmar simu nikamweleza yote. Ni haki yake kujua. Akasema sawa, akakata simu.

Jumanne, 19 Agosti
Naandika hapa hapa kituoni, daftari mapajani.

Wilmar kampa Profesa kibuyu. Profesa akakishika, akaanza kutueleza habari za mbinu za utafiti. Akaeleza, akaeleza.

“Kunywa kwanza, Profesa,” Wilmar akamwambia. “Wenzako wana kiu.”

Vicheko. Profesa akanywa harakaharaka, akarudisha, masikio mekundu. Wilmar akammiminia jirani, taratibu, bila kumtazama mtu.

“Fiorella kaniambia unataka nitoke,” akasema, akininyooshea kidole mimi.

Akafunga kifuniko cha chupa.

“Mimi mbona hukuniuliza?”

Profesa ananitazama. Anataka nimsaidie, nilainishe maneno, nimsemee. Na ulimi unaniwasha kweli!

Nimeinamia daftari. Wilmar kajikalia, chupa kwapani, anangoja jibu. Hana haraka.